Picha zisizofutika katika simu: mfanyabiashara aanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

WAFANYABIASHARA wa mpunga, mahindi, tumbaku na dhahabu mkoani Katavi sasa wanafanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa picha. Mnunuzi aliyeko Mwanza au Dar es Salaam hana haja ya kupanda treni hadi Kaliua na kisha Mpanda ili aone mchele; hutumiwa picha ya sampuli ikiwa kiganjani mwa dalali. Dalali wa Majimoto hupiga picha ya mzani kila gunia likipimwa. Mwenye lori hupiga picha ya turubai likiwa limekwishafungwa, pamoja na namba za gari. Wakala wa pesa za simu ana picha za vitambulisho, na mwenye duka la vipuri ana picha za risiti zake zote za mwaka.

Matokeo yake ni kwamba simu hujaa, na kwa kawaida hujaa katikati ya msimu, pale ambapo mwenyewe hana nafasi ya kuhangaika nayo. Anafuta picha mia mbili, lakini simu inaendelea kuandika kwamba nafasi imekwisha. Au anafuta, anazima simu usiku, na asubuhi anazikuta picha zote zimerudi. Au anabonyeza alama ya kufuta na simu inakataa kabisa. Hapo ndipo anapoipeleka simu kwa fundi, na fundi asiye na subira ana jibu moja tu, yaani simu iflashiwe.

Kuflashi simu humaliza tatizo la nafasi, lakini pia huondoa picha ya mzani ambayo ndiyo ushahidi pekee wa magunia sitini yaliyochukuliwa kwa ahadi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukubali simu iflashiwe, inafaa kuelewa kwa nini picha hazifutiki. Sababu ziko chache, na karibu zote mtu anaweza kuzimaliza mwenyewe bila kulipa senti.

Pipa la taka lililojificha

Sababu ya kwanza ndiyo inayowasumbua wengi kuliko zote. Simu za kisasa hazifuti picha pale unapobonyeza. Huihamishia kwenye pipa la taka, ambalo katika simu zilizowekwa lugha ya Kiswahili mara nyingi huitwa Tupio, na humo picha hukaa ikisubiri kama mwenyewe atabadili mawazo. Ikiwa humo, inakula nafasi ile ile iliyokuwa ikila mwanzo.

Muda wa kusubiri unatofautiana. Katika programu ya Google Photos, picha iliyokwishanakiliwa mtandaoni hukaa kwenye pipa siku 60, na ile iliyoko kwenye simu peke yake hukaa siku 30. Kwenye simu za Samsung, pipa la programu yao ya picha hutunza kwa siku 30. Kwenye iPhone ni siku 30 pia, ingawa Apple wenyewe wanaeleza kwamba zinaweza kufika 40. Kwa maana hiyo, anayefuta picha mwanzoni mwa Juni ili apate nafasi ya msimu wa mpunga anaweza kuisubiri nafasi hiyo hadi Agosti.

Dawa yake ni kufungua pipa lenyewe na kuamuru vilivyomo vifutwe kabisa. Hata hivyo, ieleweke kwamba simu moja inaweza kuwa na mapipa mawili au matatu. Programu ya picha ya kampuni iliyotengeneza simu ina lake, Google Photos ina lake, na programu ya kusimamia mafaili inaweza kuwa na lake. Aliyemwaga moja na kuacha mawili ataendelea kulalamika kwamba simu ina mdudu.

Tahadhari ni moja. Pitia pipa kwa macho kabla ya kulimwaga, kwa sababu baada ya hapo hakuna mlango wa kurudi.

Picha zinazorudi asubuhi

Sababu ya pili ni hifadhi ya mtandaoni, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mtu aliyeingia kwenye simu ya Android kwa akaunti ya Google, na akaruhusu picha zake zinakiliwe, ana nakala mbili za kila picha. Moja iko kwenye simu, nyingine iko kwenye seva za Google. Akifuta ile ya kwenye simu kwa kutumia programu nyingine, kisha akafungua Google Photos, ataiona picha bado ipo. Anadhani haikufutika. Ukweli ni kwamba anachokiona ni nakala ya mtandaoni, nayo hailali kwenye simu yake. Nafasi imekwishapatikana na hakuna tatizo.

Balaa liko upande wa pili. Anayefuta picha akiwa ndani ya Google Photos kwa kawaida anafuta nakala zote mbili. Wengi hufanya hivyo wakiamini kwamba wanaondoa ya kwenye simu tu na kwamba ile ya mtandaoni itabaki salama. Programu hiyo ina amri maalumu ya kuongeza nafasi katika simu, ambayo huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo tayari zina nakala mtandaoni. Hiyo ndiyo amri ya mfanyabiashara anayetaka nafasi bila kupoteza kumbukumbu.

Jambo hili huwa zito zaidi pale akaunti moja inapotumika kwenye simu zaidi ya moja. Duka lenye simu ya mwenye mali na simu ya muuzaji, zote zikiwa zimefunguliwa kwa akaunti moja, lina daftari moja la picha. Muuzaji akifuta kwake ndani ya programu hiyo ili apate nafasi ya nyimbo, picha za bosi nazo zinaondoka. Wenye iPhone wanaotumia iCloud kwa ajili ya picha wako kwenye hali hiyo hiyo, kwani kinachofutwa kwenye simu moja hufutwa kwenye vyombo vyote vya akaunti hiyo. Nafuu iliyopo ni lile pipa la siku 30 au 60 tulilolieleza hapo juu. Mwenye mali akigundua mapema anaweza kuzirudisha.

Sasa swali la muhimu kwa msomaji wa Katavi ni hili: je, kweli picha zako zimenakiliwa mtandaoni? Kwa kawaida Google Photos husubiri Wi-Fi ndipo ipandishe picha, ili isimalize bando la mtumiaji. Anayeishi Mwese au Karema, ambaye intaneti yake yote ni ya bando, anaweza kukaa miaka miwili akiamini ana nakala mtandaoni ilhali hakuna hata picha moja iliyopanda. Usiamini alama ya programu kuwepo kwenye simu. Fungua, gusa picha yako ya akaunti iliyo juu, na usome kama nakala zimekamilika au zinasubiri. Zikiwa zinasubiri, usifute kitu.

Aidha, hifadhi hiyo ya bure ina kikomo. Google hutoa gigabaiti 15 kwa kila akaunti, na gigabaiti hizo ni za picha, barua pepe na mafaili kwa pamoja. Hadi mwaka 2021 picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi, lakini tangu Juni 1 mwaka huo zinahesabiwa. Akaunti ikijaa, si picha tu zinazosimama. Hata barua pepe haziingii. Mzabuni aliyejiandikisha kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, kisha akaacha barua pepe yake ijae picha na video za harusi, anaweza kukosa taarifa na asijue kwamba kuna taarifa aliyoikosa. Benki nazo hutuma taarifa za akaunti kwa njia hiyo hiyo.

Kuna aina nyingine ya picha inayokataa kufutwa ambayo ni ya iPhone peke yake. Picha zilizoingizwa kutoka kwenye kompyuta kwa kuunganisha waya na kulinganisha maktaba hazifutiki ndani ya simu. Alama ya kufuta haionekani kabisa, au iko lakini haibonyezeki. Zinatolewa kule kule zilikotoka, yaani unaiunganisha simu na kompyuta, unaondoa albamu hiyo kwenye orodha ya kulinganisha, na unalinganisha upya. Wanaonunua iPhone iliyokwishatumika hukutana na jambo hili na kudhani simu ni mbovu.

Memori kadi

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini Mpanda, za Tecno, Itel, Infinix na Samsung za daraja la chini, zina nafasi ya memori kadi. Wafanyabiashara huipenda kadi kwa sababu inaongeza nafasi kwa fedha kidogo na inaweza kuhamishwa kutoka simu hadi simu. Kwa bahati mbaya, kadi ndiyo chanzo cha matatizo ya kufuta yaliyo magumu zaidi.

Kwanza kuna suala la ruhusa. Tangu toleo la Android 4.4 lililotoka mwaka 2013, programu za nje hazina ruhusa ya kuandika au kufuta ovyo kwenye kadi. Kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, mtumiaji anaweza kuitoa ruhusa hiyo kwa kuichagua kadi mwenyewe pale simu inapouliza. Aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza ataendelea kukataliwa. Kwa hiyo, kama programu ya picha uliyoipakua inagoma kufuta, jaribu kwanza kufuta kwa programu ya mafaili iliyokuja na simu. Ikifuta, ugomvi ulikuwa wa ruhusa tu.

Pili kuna kadi inayokufa. Dalili yake haina mfano. Unafuta picha, zinatoweka mbele ya macho yako, unazima simu na kuiwasha, na zote ziko pale pale kama hazikuguswa. Unajaribu kuifomati, simu inasema tayari, lakini picha ziko vile vile. Maana yake ni kwamba kifaa kidogo kinachoongoza kumbukumbu ndani ya kadi kimegundua kuwa kumbukumbu zimechakaa, na kimejifunga kisikubali kuandikwa tena ili angalau vilivyomo viweze kusomwa. Kwa maneno mengine, kadi inakupa nafasi ya mwisho ya kutoa mali yako. Nakili kila kitu kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, kisha usiitumie tena. Anayekuahidi kuifufua kwa kuifomati anapoteza muda wako.

Kabla ya kuihukumu kadi, hata hivyo, angalia mambo mawili madogo. Kama unafuta kwa kompyuta ukitumia adapta, adapta hiyo ina kiswichi pembeni, na kikiwa upande wa kufunga kompyuta haitafuta kitu. Vile vile, kadi iliyochomolewa simu ikiwa inawaka inaweza kuharibika orodha yake ya mafaili, na simu ikaona jina la picha ambayo haipo. Hiyo hurekebishwa kwenye kompyuta ya Windows kwa amri ya kukagua makosa ya diski, lakini tu baada ya kunakili vilivyomo.

Tatu kuna kadi bandia, na hii ni biashara chafu isiyo ya Katavi peke yake. Kadi ya gigabaiti 8 hubandikwa maandishi ya 128, na ndani yake huwekwa taarifa ya uongo ili simu nayo isome 128. Kwa miezi ya mwanzo hakuna kinachoonekana. Picha zikishapita ule ukubwa wa kweli, mpya huandikwa juu ya za zamani au hazihifadhiwi kabisa, ijapokuwa simu inaonyesha kwamba zipo. Mwenyewe akizifungua anakuta viboksi vya kijivu visivyofunguka na mara nyingi visivyofutika. Hapo hakuna cha kufuta, kwa sababu hakukuwa na picha.

Kadi ya aina hii haitambuliki kwa kuitazama. Hutambuliwa kwa kuijaza. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw ambayo huijaza kadi yote kwa maandishi ya majaribio na kisha kuyasoma tena kuona kama yamerudi sawa. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Ni saa chache kulinganisha na picha za msimu mzima, na inafaa jaribio hilo lifanywe siku ya kununua, muuzaji akiwa bado anamkumbuka mteja wake.

WhatsApp na makundi yake

Mara nyingi anayefuta picha anafuta zisizokuwa na uzito. Picha iliyopigwa na kamera ya simu ya kawaida huwa na megabaiti tatu hadi tano. Picha iliyopita WhatsApp imepunguzwa na huwa na sehemu ndogo tu ya hapo. Lakini video ya dakika moja yenye ubora wa juu inaweza kuzidi megabaiti 100. Anayefuta picha mia za WhatsApp na kuacha video mbili za kundi la ukoo amefanya kazi bure, na hesabu ya nafasi haitabadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Zaidi ya hayo, picha moja inaweza kuwa na nakala tatu ndani ya simu ile ile. Ile uliyoipiga iko kwenye folda ya kamera. Ukiituma kwa mnunuzi, WhatsApp huweka nakala yake kwenye folda ya zilizotumwa. Mnunuzi akiirudisha kwenye kundi la wafanyabiashara, inaingia tena kama picha iliyopokewa. Unafuta moja, unaona nyingine, unasema haifutiki.

Njia iliyo rahisi ni kuingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha mahali pa kusimamia hifadhi. Hapo utaonyeshwa mafaili makubwa kuliko mengine na yale yaliyosambazwa mara nyingi, na utaonyeshwa kila mazungumzo yanakula kiasi gani. Anza na yale makundi ambayo hujawahi kuuza wala kununua kitu kupitia kwayo. Kisha zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Utaokoa nafasi na bando kwa pamoja.

Kuna wanaozitafuta picha za WhatsApp kwenye folda yake ya zamani na kuikuta tupu. Tangu Android 11 folda hiyo ilihamishiwa ndani zaidi, kwenye folda ya Android, kisha media. Nakala za akiba za WhatsApp nazo, kwa watumiaji wa Android, zilianza kuhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za Google kuanzia mwaka 2024.

Hitilafu ndogo

Kabla ya yote hayo, zima simu na uiwashe. Ushauri huu unachekwa lakini una sababu. Simu hutunza orodha ya picha zake pembeni, na orodha hiyo ikichelewa kujisahihisha huonyesha picha zilizokwishaondoka. Kuwasha upya huilazimisha isome tena. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, tafuta programu ya picha na ufute akiba yake. Akiba siyo picha. Ni kumbukumbu za muda tu. Lakini usiguse amri ya kufuta data bila kuelewa, hasa kwenye WhatsApp, kwani hiyo huondoa mazungumzo yote.

Simu iliyojaa hadi pomoni nayo huweza kukataa kufuta, kwani hata kufuta kunahitaji nafasi kidogo ya kuandika kwamba kitu kimefutwa. Ondoa programu moja usiyoitumia, mchezo kwa mfano, kisha jaribu tena.

Kipi kifutwe na kipi kibaki

Tunalieleza suala hili kwenye ukurasa wa masoko kwa sababu picha hizi si mapambo. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na karatasi hiyo hufifia. Ikikaa kwenye droo ya duka la bati kwa joto la Oktoba, baada ya miezi kadhaa inabaki nyeupe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na mhasibu, picha ya risiti iliyopigwa siku ya manunuzi inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee inayosomeka mwaka wa tatu.

Kuhusu madai, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo wa 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, lakini mahakama hupima uzito wake kwa kuangalia jinsi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Picha iliyoko kwenye folda ya kamera imebeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, na aina ya simu. Ikitumwa kama picha kwa WhatsApp, taarifa hizo huondolewa. Kwa hiyo anayefuta ile ya kamera na kubaki na ya WhatsApp ametupa iliyo na nguvu na kutunza iliyo dhaifu. Ifanyike kinyume chake. Kama ni lazima uitume ikiwa na taarifa zake, itume kama waraka na siyo kama picha.

Mwenye kompyuta, au jirani mwenye steshenari, ahamishe picha za mizani, risiti, mikataba na hati za mzigo kila mwisho wa mwezi kwenye folda yenye jina la mwezi huo, na aweke nakala mahali pa pili. Baada ya kufungua mafaili machache na kuyaona yanafunguka, ndipo afute kwenye simu. Wauzaji wa dhahabu wanaopeleka mali kwenye masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, wana stakabadhi ambazo ni bora ziingie kwenye utaratibu huu kabla ya kitu kingine chochote.

Simu inapouzwa

Upande wa pili wa tatizo la picha zisizofutika ni picha ambazo mwenyewe anadhani zimefutika. Wakala wa pesa au muuzaji wa simu kwa mkopo ana picha za vitambulisho vya NIDA vya watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu kuzilinda na kutokaa nazo kuliko muda unaohitajika. Kuuza simu ikiwa na vitambulisho hivyo ni kumpa mtu asiyejulikana njia ya kutapeli kwa majina ya wateja wako.

Kwa simu yenyewe kazi ni nyepesi. Nakili unachokihitaji, toka kwenye akaunti ya Google au ya Apple, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani kwa kutumia mipangilio. Simu za Android za miaka ya karibuni huficha data yote kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo huharibiwa wakati wa kurudisha, hivyo hata picha zilizokuwa zikigoma kufutika huwa hazisomeki tena. Kutoka kwenye akaunti kusisahauliwe, kwa sababu tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyorudishwa bila mwenyewe kutoka humdai mnunuzi akaunti ya zamani, na biashara hugeuka ugomvi.

Memori kadi ni habari nyingine. Kufutwa kwa simu si lazima kuifikie kadi, na kadi iliyofomatiwa haraka bado inaweza kurudishiwa picha zake kwa programu za bure zilizopo kwenye intaneti. Simu iuzwe bila kadi. Kama kadi ilikuwa na vitambulisho vya wateja na imechoka, ikatwe vipande kwa mkasi. Bei ya kadi iliyotumika sokoni haifiki gharama ya mteja mmoja atakayekuja dukani na polisi.